Carina Ti inatetemeka nikiweka D. Nimebadili maunti zote nne, imezidi. Wajuzi njooni

MtuWaTabata
Wakuu, habari za jioni.

Nina Toyota Carina Ti ya 1999, injini 5A-FE, gia oto. Nimeinunua mkononi, mimi ni mmiliki wa tatu hapa Bongo. Sina ugomvi nayo, mafuta inakunywa kistaarabu na bodi haijaguswa na kutu. Kinachonimaliza ni mtetemo.

Asubuhi inawaka vizuri tu. Ikishapata moto, nikakwama kwenye foleni pale Buguruni, mguu kwenye breki, gia ikiwa D, gari zima linatetemeka kama mashine ya kusaga. Kwenye kioo cha ndani, bodaboda aliye nyuma yangu namwona ana vichwa viwili. Sarafu nilizoweka kwa ajili ya wauza maji zinacheza sebene. Nikirudisha N, gia huru, kimya. Nikiingiza R, ya kurudi nyuma, chini ya miguu inagonga "ngo!" kama mtu kapiga sufuria kwa mwiko.

Nilianza na plagi. Nikaja kebo za plagi. Nikasafisha throto bodi. Hakuna kitu. Fundi mmoja akaniambia ni maunti za injini, ile mipira yenye chuma inayoishikilia injini kwenye bodi, na kwa hilo hakunidanganya: ya nyuma ilipotolewa mpira ulikuwa umeachana na chuma, kidole kinapita. Nikanunua mpya zote nne, boksi jeupe halina jina la maana, elfu 38 kila moja. Akafunga.

Ile "ngo" imeisha kabisa. Lakini mtetemo umezidi! Sasa hivi hata nikiwa N nausikia kwenye kiti. Fundi anasema mpira mpya lazima uzoee kwanza. Huu mwezi wa pili, haujazoea. Kuna mtu yamemkuta?

Kobe_wa_Kimara
Uza, nunua bodaboda. Hiyo ikitetemeka unajua ndivyo ilivyoumbwa.

DadaWaGereji
Mkuu pole. Kabla watu hawajaanza kukushauri ubadili injini, jibu haya matatu:

1. AC ikiwa imezimwa, mtetemo unapungua au uko vilevile?
2. Mshale wa mzunguko wa injini unasoma ngapi ukiwa D umesimama?
3. Fundi alipofunga hizo maunti, alikaza bolti injini ikiwa bado juu ya jeki au baada ya kuishusha?

Hilo la tatu ndilo ninalolitaka zaidi.

MtuWaTabata
Dada, AC ikizimwa unapungua kidogo sana. Mshale unakaa kwenye 700 hivi, hauyumbi. Kuhusu kukaza, nilikuwepo. Alikuwa anatoa moja, anaweka mpya, anakaza mpaka mwisho, anahamia nyingine. Injini ilikuwa juu ya jeki muda wote. Kwa kweli nilimsifia moyoni, nikaona kijana ana mpangilio.

DadaWaGereji
Hapo ndipo tatizo lako lilipo, au sehemu yake kubwa. Naandika kwa kirefu, mnivumilie.

Injini ya silinda nne ikizunguka mara 700 kwa dakika, mafuta yanalipuka ndani mara 1,400 kwa dakika hiyo hiyo. Ni mara 23 na ushee kila sekunde. Kila mlipuko ni kofi. Kazi ya maunti ni kulimeza hilo kofi lisifike kwenye bodi, na inaweza tu ikiwa mpira umekaa katikati, haujavutwa wala kusokotwa upande wowote.

Kwenye Carina yako maunti ziko nne. Ya kulia iko upande wa taimingi belti, ya kushoto imeshika gia boksi, chini ya trei ya betri. Hizi mbili ndizo zinazobeba uzito. Ya mbele na ya nyuma zimekaa kwenye ule mwamba wa chuma unaopita katikati chini ya injini, kazi yao kubwa ni kuzuia injini isibiringike. Ukiweka D ukashika breki, gia boksi inataka kwenda, matairi hayataki, kwa hiyo injini inalalia nyuma kuelekea dashibodi. Ukiweka R inalalia mbele. Hiyo "ngo" yako ilikuwa injini inaanguka kutoka upande mmoja kwenda mwingine kwa sababu mpira wa nyuma haukuwa na kazi tena.

Sasa fundi kanyanyua injini kwa jeki, tuseme sentimita mbili. Kafunga maunti na kukaza hapo hapo juu. Halafu kashusha jeki. Injini inataka kurudi mahali pake pa asili, bolti zinasema haiwezekani. Matokeo yake mipira yote minne imesokotwa kabla hata hujawasha gari. Mpira uliosokotwa unakuwa mgumu, hauna tena nafasi ya kucheza, kofi linapita moja kwa moja hadi kwenye kiti chako. Ni kama mtu aliyelala shingo imepinda: ukimgusa kidogo tu, anaruka.

Mtetemo wa plagi au kebo hauko hivyo. Silinda moja ikikosa moto, hata N utausikia, tena hauna mpangilio, unadunda na kuacha. Wako una mdundo sawa na mshale umetulia. Ni wa mipira.

BabaWatatu
Dada kamaliza. Ila na mimi nitoe ya kwangu, Corona Premio yangu maunti ya mbele ilipasuka nikiwa Dodoma na hela sina. Nilitoa, nikaosha na petroli, nikaiacha juani siku nzima, nikajaza zile nafasi tupu kwa gundi ya vioo vya gari, ile nyeusi inayokaa kama chingamu. Nikaiacha siku mbili ikauka. Ilinisukuma miezi saba. Gari lilikuwa linatetemeka kidogo, lakini kugonga kuliisha.

DadaWaGereji
BabaWatatu, hiyo inafanya kazi na sikulaumu. Ila watu wajue: zile nafasi tupu ndani ya maunti ya mbele hazikuachwa kwa bahati mbaya. Ndizo zinazouacha mpira ucheze. Ukizijaza umepata nguvu, umepoteza ulaini. Kwa ya mbele na ya nyuma unaweza kuvumilia. Ya kulia, inayobeba uzito, usijaribu.

MzeeKiduchu
Sisi zamani tulikuwa tunakata mpira wa tairi la lori, tunatoboa, tunafunga. Land Rover zilitembea hadi Tunduru na kurudi.

MkemiaMstaafu
Mzee Kiduchu shikamoo. Land Rover ya wakati ule hata ukiifunga kwa kamba ya katani ingefika Tunduru.

Nimefanya kazi kwenye kiwanda cha mpira miaka mingi, niruhusuni kidogo. Ugumu wa mpira unapimwa kwa kipimo kinachoitwa Shore A. Maunti nyingi za magari madogo huwa kati ya 40 na 60. Mpira wa uso wa tairi uko kwenye 60 na kitu, na ukichukua tairi la lori unachukua pamoja na nyuzi na waya zilizomo ndani. Hilo ni tofali lenye rangi nyeusi. Litazuia injini isianguke, halitameza mtetemo.

Pia, maunti nyingi zimetengenezwa kwa mpira wa asili, utomvu ule ule unaogemwa hata kwetu Muheza. Mpira wa asili ndio unaopendwa kwa sababu unavumilia kunyumbuka mamilioni ya mara. Lakini una maadui watatu. Joto, ambalo linaendelea kuupika na kuukausha. Ozoni ya hewani, inayochora zile nyufa ndogo ndogo juu juu. Na oili. Mpira wa asili ukilowa oili unavimba, unakuwa laini kama ugali uliolala ndani ya mchuzi, kisha unaachana na chuma. Kwa hiyo MtuWaTabata, kama kifuniko cha valvu kinavuja oili na kudondokea maunti, tengeneza uvujaji kwanza. Vinginevyo mwakani utarudi na uzi huu huu.

MtuWaTabata
Mkemia, shikamoo. Kweli kifuniko kinavuja, upande wa nyuma. Fundi aliniambia "hiyo ni jasho tu, gari la zamani".

MkemiaMstaafu
Marahaba. Jasho lina chumvi, mwanangu. Hiyo ni oili.

Wa_Maskati
Assalamu alaykum jamaa. Mie niko Oman. Huku joto la kiangazi mpira unakufa kabla ya gari. Nina Land Cruiser ya zamani, si maunti za injini tu, hata mipira ile ya baina ya bodi na chesi imekauka, ukipita tuta mlango unalia. Nimeipeleka Wadi Kabir, fundi kanambia tubadilishe yote kwa mara moja. Nikafanya ubakhili nikabadilisha ya mbele tu. Sasa bodi imenyanyuka mbele, nyuma imelala, milango haifungi sawasawa. Basi wacheni ubakhili wangu uwe darasa kwenu.

Nduthi_254
Sisi huku Nairobi shida iko kwa ile maunti ya kulia yenye maji ndani, za kina Toyota Fielder. Yangu ilikuwa inaonekana sawa kabisa, mpira haujapasuka, lakini chini kulikuwa na weusi kama oili umetiririka kwa bodi. Mekanika akasema ni maji ya maunti yametoka. Ukiangalia injini kwa makini, upande wa kulia ulikuwa umelala kidogo. Nilienda Kirinyaga Road, wakanipea ya bei rahisi, ya mpira mtupu bila maji. Gari ikawa inanguruma kama posho mill. Nikarudi nikanunua iliyotumika ya kutoka Japani, halisi. Kimya hadi leo. Kwa hii stori, kitu original iliyotumika kidogo inashinda mpya isiyo na jina.

DadaWaGereji
Kweli kabisa Nduthi. Ila anayenunua ya mtumba aishike mkononi kwanza. Bonyeza kucha kwenye mpira: ikiacha alama na alama ikarudi taratibu, mpira bado uko hai. Ikiwa kama unabonyeza kwato ya ng'ombe, rudisha. Pinda kidogo uangalie pale mpira unapokutana na chuma, mstari wa ufa huanzia hapo. Na yenye maji, ikiwa na unyevu wowote mweusi, hata kama muuzaji anaapa kwa jina la mama yake, acha.

MtuWaTabata, kazi yako ya Jumamosi hii hapa. Sio ngumu, lakini usiifanye peke yako.

Gari liwe tambarare, injini imepoa, hendibreki imevutwa, mawe mbele na nyuma ya matairi ya nyuma. Kama lazima uinue mbele ili ufikie chini, weka stendi mbili za chuma. Sio matofali. Tofali halikupi taarifa, linavunjika tu. Jeki nyingine iweke chini ya injini, na katikati ya jeki na sampo, ile trei ya oili chini ya injini, weka ubao mpana. Sampo ni bati, ukiisukuma kwa kichwa cha jeki inabonyea.

Jeki iguse tu, isinyanyue. Hapo legeza zile bolti ndefu zinazopita katikati ya maunti ya mbele na ya nyuma, kisha zinazoshika ya kulia na ya kushoto. Legeza mizunguko miwili, mitatu. Usitoe hata moja, narudia, hata moja. Utasikia "tk" injini ikijisogeza. Ukiisikia hiyo sauti, ujue ndiyo ile shingo imenyooka.

Shusha jeki taratibu, acha nafasi ndogo tu chini ya ubao iwe kama ulinzi. Simama mbele, shika injini kwa mikono miwili, itikise mbele na nyuma mara kadhaa. Washa, iache N dakika moja hivi. Usiingize gia wakati bolti zimelegea. Zima. Sasa kaza, uzito wa injini ukiwa umekaa wenyewe: anza ya kulia na ya kushoto, malizia ya mbele na ya nyuma. Kama una torki renchi, ile spana inayopima nguvu ya kukaza, tumia kipimo cha kitabu cha gari. Kama huna, azima. Kuna mafundi wanakaza kwa kupanda juu ya spana, halafu bolti ikikatika wanalaumu Mchina.

Baada ya hapo fanya majaribio. Mwenzio akae kwenye usukani, mguu wa breki umekandamizwa hadi mwisho, aingize D, N, R, kila moja sekunde mbili tatu bila kukanyaga mafuta. Wewe uwe pembeni ya gari, boneti limefunguliwa, uangalie injini inalala kiasi gani. Usisimame mbele ya gari hata kama dereva ni mke wako na mnapendana.

Kobe_wa_Kimara
Hasa kama ni mke wako.

Mama_Spacio
Jamani subirini. Hii ya kukaza gari likiwa juu, inahusu na bushi za amu ya chini, ule mkono wa chuma unaoshika tairi? Maana Spacio yangu nabadilisha bushi kila baada ya miezi sita, nimeshaamini duka lote linauza feki.

DadaWaGereji
Mama Spacio, umegusa penyewe, na kwenye bushi ndiko madhara yalipo makubwa zaidi. Bushi ya mpira ya amu haizunguki kwenye bolti. Bomba la ndani linabanwa na bolti, ganda la nje limebanwa na amu, mpira umegandishwa kote kuwili. Amu ikipanda na kushuka, mpira ndio unaojisokota na kurudi. Fundi akikaza bolti matairi yananing'inia, mpira unajua "nyumbani" ni pale chini. Ukishusha gari, amu inapanda, mpira umeshasokotwa hata kabla ya shimo la kwanza. Ukifika shimo la kweli, unachanika. Waambie washushe gari likanyage chini, walitikise, ndipo wakaze. Fundi atalalamika kwamba spana haiingii vizuri. Mwache alalamike.

Na asipake grisi kwenye bushi ya mpira. Grisi ni kwa zile ngumu za plastiki, zinazozunguka kwenye bomba lake. Kwa mpira, grisi ni ile ile oili aliyoisema Mkemia.

Mama_Spacio
Miaka miwili nimekuwa nanunua bushi! Ngoja nikamtafute huyu mtu.

MzeeKiduchu
Wanangu, nimesoma yote. Niongeze moja ya historia kwa sababu leo sina kazi. Zamani injini ilikuwa inafungwa chuma kwa chuma kwenye chesi, mtu anashuka garini meno bado yanagongana. Mwaka 1931 Chrysler wakaleta mfumo walioupa jina Floating Power kwenye Plymouth, injini inaelea kwenye mipira. Citroën wa Ufaransa wakanunua haki ya kuutumia, na kwenye magari hayo wakaweka nembo ya batamaji anayeelea. Silinda nne ikatulia kama silinda sita. Sasa nyinyi mnakaza huyo bata akiwa ananing'inia hewani.

BabaWatatu
Mzee wewe ni hatari 😂

TaimingiMoja
Kidokezo cha ziada kwa wenye injini za 5A na 7A. Ukienda kubadili taimingi belti, maunti ya kulia lazima itolewe ili belti ipite. Ndio wakati wa kuweka mpya, ufundi unalipa mara moja. Mimi nililipa mara mbili ndani ya wiki tatu kwa kutokujua.

MtuWaTabata
Wakuu, narudi na mrejesho.

Nimeifanya Jumapili na shemeji yangu, uwanjani kwa jirani. Tumeanza na kifuniko cha valvu, nimeweka gasketi mpya, Mkemia asante. Tukaja maunti. Nilipolegeza ya nyuma, kweli ikalia, sio "tk", ilikuwa "kdum", shemeji akaruka nyuma hadi kwenye ndoo ya nguo za watu. Bolti ndefu ya mbele, ambayo kabla ya hapo ilikuwa imekandamiza upande mmoja wa tundu, ikawa inazunguka kwa vidole. Nikaelewa bila kuambiwa tena.

Tumetikisa, tumewasha, tumezima, tumekaza kwa torki renchi ya kuazima. Nikaiwasha, nikasubiri ipate moto, nikaweka D.

Sarafu zimetulia. Sio kimya cha gari jipya, AC ikiwaka nasikia kamtetemo kwa mbali kwenye usukani. Nikajaribu ile ya kucha: maunti mpya ya kushoto ni ngumu kweli, kama kisigino cha kiatu. Ile ya zamani ya kushoto, niliyokuwa nimeitupa kwenye buti, bado inabonyea vizuri na haina ufa. Tumeirudisha. Kamtetemo nako kamepungua nusu. Yaani elfu 38 ile niliitoa kwenda kununua tatizo.

Leo asubuhi Buguruni nimekaa foleni dakika arobaini, bodaboda wa nyuma ana kichwa kimoja.

Nduthi_254
Safi sana. Na fundi wako ukimwambia amesemaje?

MtuWaTabata
Nimempelekea simu asome uzi wote. Amesoma kimya, akafika hadi kwa bata wa Mzee Kiduchu, akanirudishia simu. Akaniuliza kama nina namba ya yule mwenye Carina ya bluu mtaa wa pili. Alimfungia maunti wiki ile ile.